Volti 23 zilizopotea kati ya nyumba na kibanda

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kibanda cha chai na chapati hapa Korogwe. Umeme nimeuvuta kutoka nyumbani kwangu, umbali wa mita 35 hivi. Fundi aliyeufunga waya alisema ni wa 1.5, na umeungwa sehemu moja kwa tepu karibu na mwembe. Jagi langu la umeme limeandikwa 220–240 V, 1850–2200 W, lakini kibandani linachelewa kuchemsha kuliko likiwa jikoni nyumbani. Juzi alikuja kijana mwenye mita akatupimia. Jagi likiwa limezimwa, nyumbani ni volti 229 na kibandani 229. Likiwashwa, kwenye meni swichi ni 226, kibandani 203, na jagi linavuta ampea 7.75. Mwanangu wa kidato cha tatu amepiga hesabu ya ukinzani wa jagi akapata majibu matatu: 29.5, 26.45 na 26.2. Wati nazo zimetoka 1,573. Je, jagi ni feki? Na mbona balbu ya zamani ya wati 100 tukiipima inasoma omu 38 wakati hesabu inasema 529? Friji ya nyumbani imeandikwa wati 120, inavuta ampea 0.9 kwenye volti 228, tukizidisha tunapata 205. Nataka kuongeza jagi la pili, na friji niihamishie kibandani. Breka haijawahi kuruka hata siku moja.

JIBU: Marahaba, mama. Jagi lako ni zima kabisa. Ugonjwa uko kwenye waya, na kwa namba ulizoleta nina wasiwasi mkubwa na ile jointi ya kwenye mwembe. Jagi la pili liache kwanza. Hata hilo la kwanza lirudishe jikoni leo, utumie kibandani mkaa au gesi, mpaka jointi hiyo ifunguliwe na fundi. Nitaeleza kwa nini, na nitatumia vipimo vyako mwenyewe, maana huyo kijana amefanya kitu ambacho mafundi wengi hawakifanyi: amepima volti kwenye ncha zote mbili za waya, jagi likiwa linachemsha. Kipimo cha jagi likiwa limezimwa kinakuonyesha 229 na 229, unarudi ndani umeridhika. Waya mbovu haujifichui mpaka mkondo upite ndani yake.

Kanuni zenyewe ni mbili tu:

ukinzani (omu) = volti ÷ ampea
nguvu (wati) = volti × ampea

Ukizichanganya hizo mbili unapata nyingine mbili zinazookoa muda:

wati = ampea × ampea × omu
wati = volti × volti ÷ omu

Mwanao anazijua, zimo kwenye daftari lake. Ambacho daftari halisemi kwa sauti ya kutosha ni sharti lake: volti, ampea na omu lazima ziwe za kitu kilekile, kwa wakati uleule. Ukichukua volti za meni swichi ukazigawa kwa ampea za jagi, hujapata ukinzani wa jagi. Umepata ukinzani wa jagi pamoja na kila kilicho njiani kati ya sehemu hizo mbili. Hapo ndipo majibu yake matatu yalipozaliwa, na nataka ajue kwamba hakuna hata moja lililo la kutupa.

Jibu la 26.2 ametoa kwenye 203 ÷ 7.75. Hizi ni volti zilizofika kwenye jagi na ampea zilizopita kwenye jagi, kwa wakati mmoja. Huo ndio ukinzani wa koili ya jagi, yaani waya wa ndani unaopasha maji.

Jibu la 26.45 ametoa kwenye maandishi: alichukua wati 2,000 na volti 230, namba za katikati, akafanya 230 × 230 ÷ 2,000. Ni makisio mazuri, ila maandishi ya jagi yanakupa kitu bora zaidi ukiyasoma kwa makini. Yanasema volti 220 hadi 240 na wati 1,850 hadi 2,200. Watu wengi husoma hizo wati kama kwamba mtengenezaji hana uhakika. Ana uhakika sana. Wati 1,850 ni za volti 220, na wati 2,200 ni za volti 240. Fanya hesabu kila upande: 220 × 220 ÷ 1,850 ni 26.16. Halafu 240 × 240 ÷ 2,200 ni 26.18. Ncha zote mbili zinatoa koili ileile, omu 26.2, sawasawa na ulichopima kibandani. Jagi feki lisingeweza kukubaliana na maandishi yake kwa kiasi hicho. Kifaa chochote cha kupasha joto kilichoandikwa volti mbili na wati mbili kinakaguliwa hivi, hata kabla hujalipa dukani.

Jibu la 29.5 ndilo linalonifurahisha zaidi, ingawa nadhani yeye mwenyewe amelichukia. Amegawa 229, volti za kabla jagi halijawashwa, kwa 7.75. Hiyo si jagi peke yake. Ni jagi, na waya wa kwenda kibandani, na laini yote inayoleta umeme nyumbani kwako. Ukitoa 26.2 za jagi kwenye 29.5, zinabaki omu 3.3 zilizoko njiani. Omu hizo 3.3 ndizo habari yetu ya leo.

Kuna jambo moja la historia ambalo mwanao atalipenda. Georg Ohm, mwalimu wa shule wa Kijerumani aliyefanya majaribio yake Köln na kuchapisha kitabu chake mwaka 1827, alikumbana na shida hii hii. Betri za wakati ule zilikuwa zinashuka nguvu mara tu zikiunganishwa, vipimo vikawa havitulii, mpaka akahamia kwenye chanzo kingine: metali mbili zilizounganishwa, ncha moja kwenye maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu. Na kanuni aliyoiandika kutokana na majaribio hayo haikuwa na waya unaopimwa peke yake. Chini ya mstari wa kugawa aliweka vitu viwili: waya unaopimwa, na sehemu nyingine yote ya sakiti. Ile sehemu nyingine yote ndiyo tunayoisahau siku hizi, kwa sababu vitabu vya shule huchora waya kama mistari isiyo na ukinzani.

Tuingie kwenye uchelewaji wa jagi. Koili ni ileile, omu 26.2, hivyo kilichobadilika ni volti. Kwenye volti 230 jagi linatoa 230 × 230 ÷ 26.2, yaani wati 2,019. Kwenye volti 203 linatoa wati 1,573. Volti zimepungua kwa asilimia 12 hivi, lakini wati zimepungua kwa asilimia 22. Ni kwa sababu volti zikipungua, ampea nazo zinapungua pamoja nazo, na wati ni zao la hivyo viwili. Lita 1.7 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 zinahitaji nishati ya uniti 0.148 hivi. Kwa volti 230 hiyo ni kama dakika nne na sekunde 24, kwa volti 203 ni dakika tano na sekunde 40. Kwa kweli itazidi kidogo pande zote mbili, kwa sababu jagi lenyewe nalo linapata moto na hewa inaiba joto. Tofauti hiyo ya zaidi ya dakika moja ndiyo uliyoiona kwa macho, na wateja wako wameisubiri.

Sasa twende kwenye waya wenyewe. Jagi likiwashwa, volti za meni swichi zimeshuka kutoka 229 hadi 226. Hizo tatu zimeishia kwenye laini inayokuja kwako, ni jambo la kawaida, achana nazo. Kutoka meni swichi hadi kibandani zimeshuka kutoka 226 hadi 203. Volti 23 zimebaki njiani. Ampea zilizopita kwenye waya ni zilezile zilizopita kwenye jagi, kwa hiyo:

ukinzani wa njia = 23 ÷ 7.75 = omu 2.97
joto linaloishia njiani = 23 × 7.75 = wati 178

Hii ndiyo faida ya kujua kanuni. Huwezi kupata omu hizo kwa kuweka maltimita kwenye sehemu ya omu, maana mita za kawaida zikiguswa waya zake zenyewe kwa zenyewe tayari zinasoma 0.3 au 0.5, na jointi mbovu mara nyingi inaonekana nzima isipopitisha mkondo mkubwa. Lakini volti 23 mita yoyote inazisoma bila shida. (Na usiweke kamwe maltimita kwenye omu wakati umeme uko kwenye waya. Mita inaweza kuungua, na wewe unaweza kuumia.)

Je, omu 2.97 ni nyingi? Waya wa shaba wa 1.5, yaani milimita za mraba 1.5, una ukinzani wa omu 0.0121 kwa kila mita. Kibanda kiko mita 35, lakini umeme unakwenda kwa laivu na kurudi kwa nyutro, kwa hiyo njia ni mita 70. Zidisha: 70 × 0.0121 ni omu 0.85. Waya mzima wa 1.5 ungekula volti sita na nusu hivi. Wako unakula 23. Kuna omu 2.12 ambazo shaba ya 1.5 haiwezi kuzieleza.

Nimejiuliza kama fundi alikudanganya kuhusu unene. Kama ungekuwa waya wa 0.75, njia ingekuwa na omu 1.7 au 1.8, bado haitoshi. Kama ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje, kama nyaya nyingi za bei rahisi zilivyo, 1.5 yake ingekaribia omu 1.4, nayo haitoshi. Waya wa 0.5, ule mwembamba wa redio, ungekaribia omu 2.6. Huo tu ndio ungeweza kuleta namba zako bila jointi kuwa na kosa kubwa, na unene wake unauona kwa jicho. Ukiondoa huo, anayeshitakiwa ni jointi, na inawezekana ni mbili, ya laivu na ya nyutro, zimefungwa pamoja ndani ya tepu ileile.

Omu 2.12 zikipitiwa na ampea 7.75 zinatoa 7.75 × 7.75 × 2.12, yaani wati 127. Nakuomba uitazame namba hiyo kwa utulivu. Pasi ya fundi redio ya kuyeyushia risasi huwa ya wati 40 au 60, na inayeyusha risasi kwenye nyuzi 190 hivi. Plastiki ya waya wa kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Wewe una wati 127 ndani ya tepu, kwenye urefu wa kidole gumba, kando ya mti mkavu, kila unapochemsha maji ya chai. Ukiangalia pale kwenye mwembe, natarajia utakuta tepu imekakamaa na kung'aa, au imebadilika rangi kuwa kahawia, au plastiki ya waya imejikunja kurudi nyuma karibu na jointi. Angalia kwa macho tu, kutoka mbali kidogo. Usiishike, hata breka ikiwa imeshushwa, mpaka fundi athibitishe kwa mita kwamba hakuna umeme.

Jointi ya kusokota kwa mkono huanza ikiwa nzuri kiasi. Mvua inaingia chini ya tepu, shaba inapata kutu, mahali pa kugusana panapungua. Panapata moto, panatanuka, pakipoa panalegea. Kesho ukinzani umeongezeka, na joto nalo limeongezeka. Haijirekebishi. Kama upande mmoja ni shaba na mwingine ni alumini, mambo huenda kasi zaidi.

Umeniambia breka haijawahi kuruka, na umelisema kama jambo la kutia moyo. Hili ndilo ningependa kila mwenye kibanda, saluni na duka alijue. Breka inatazama ampea. Inaruka ampea zikizidi. Jointi mbovu inaongeza ukinzani, na ukinzani ukiongezeka ampea zinapungua. Jagi lako kwenye waya mzima wa 1.5 lingevuta ampea 8.35. Kwenye waya huu mbovu linavuta 7.75. Kwa macho ya breka, jointi inayoungua ni mzigo mwepesi kuliko waya mzima. Hata ile breka inayolinda mtu asipigwe na umeme haitaona kitu, kwa sababu hakuna mkondo unaovujia ardhini, unakwenda na kurudi wote. Jointi hiyo inaweza kuwasha moto na breka zote zikiwa zimesimama vilevile.

Na jagi la pili? Majagi mawili yakiwashwa pamoja yana ukinzani wa omu 13.1, nusu ya moja, kwa sababu mkondo umepata njia mbili. Ongeza omu 2.97 za waya na 0.39 za laini ya kuja nyumbani (zile volti 3 ÷ 7.75), jumla 16.46. Gawa 229 kwa hiyo, unapata ampea 13.9. Breka ya 16 au 20 haitasema neno. Lakini joto la jointi linakwenda kwa ampea mara ampea: 13.9 × 13.9 × 2.12 ni zaidi ya wati 400. Umeongeza jagi moja, jointi imepata joto zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana nimesema usiongeze.

Dawa ni kuondoa jointi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, avute waya mmoja usiokatika kutoka kwenye breka yake yenyewe hadi kibandani, pamoja na waya wa ethi, ndani ya bomba. Kwa umbali wako na majagi mawili ningechagua shaba ya milimita za mraba 4. Mtu atakwambia 2.5 inatosha, na kwa ampea atakuwa sahihi. Mimi natazama volti: 2.5 kwa mita 70 za njia ina omu 0.52, 4 ina omu 0.32. Kwa ampea 13.9 hadi 16 tofauti hiyo ni volti tatu hivi, na gharama ya waya unailipa mara moja tu. Kama uwezo wa sasa hauruhusu waya mpya, basi angalau akate sehemu yote iliyoungua mpaka afikie shaba inayong'aa, aunge kwa konekta ya skrubu yenye ukubwa wa waya huo, ndani ya boksi lisiloingia maji, na wewe ubaki na jagi moja.

Akimaliza, mwambie arudie vipimo vilevile kabla hujamlipa, jagi moja likiwashwa. Nyumbani ikiwa 226, kibandani utegemee hivi: waya wa zamani wa 1.5 wenye jointi mpya, volti 219 hivi na ampea 8.35. Waya mpya wa 2.5, volti 221. Waya wa 4, volti 223 na ampea 8.5, wati zako zikakaribia 1,900. Ukikuta jointi mpya imewekwa na bado unasoma chini ya 215, kosa lingine lipo, labda kwenye skrubu za soketi ya kibandani au waya wenyewe si wa 1.5. Usikubali kuambiwa "umeme wa siku hizi mdogo" wakati meni swichi inasoma 226.

Kuhusu uniti: ndiyo, wati 178 za njiani unazilipia. LUKU iko nyumbani, inahesabu kabla ya waya. Kila jagi moja linapochemka kibandani, uniti 0.017 hivi zinaishia kwenye waya. Kwa majagi ishirini kwa siku, mwezi mmoja ni uniti kumi. Ila volti ndogo zenyewe hazikuongezei matumizi ya jagi. Linatumia wati chache kwa muda mrefu, maji yanahitaji nishati ileile. Hasara yako ni ya waya tu, pamoja na joto kidogo linalopotea kwa jagi kukaa muda mrefu.

Balbu ya mwanao sasa. Omu 38 ni sahihi na 529 ni sahihi. Uzi wa balbu ni tangisteni, na ukinzani wa tangisteni unapanda sana ukipata moto. Ukiwa baridi mkononi mwako ni omu 38. Ukiwaka uko kwenye nyuzi 2,500 hivi, na ukinzani umepanda karibu mara kumi na nne, hadi 529. Maltimita inapima kwa mkondo mdogo usioweza kuupasha uzi, kwa hiyo inakupa ule wa baridi. Tena sharti letu lilelile: kitu kilekile, wakati uleule. Kumbe balbu ikiwashwa, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde inavuta kama ampea 6, halafu inatulia kwenye 0.43. Ndiyo sababu balbu hizo hukatika pale unapobonyeza swichi.

Koili ya jagi haina tabia hiyo. Ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromi, ambayo ukinzani wake unabadilika kidogo mno kwa joto, na maji yanaizuia isipate moto mkali. Mwambie mwanao achomoe jagi ukutani, swichi yake iwe imewashwa, aweke ncha za maltimita kwenye miguu miwili ya plagi inayobeba umeme, si ule mguu mrefu wa ethi. Atasoma 26 na kitu. Agusishe ncha za mita zenyewe kwa zenyewe aone zinasoma ngapi, atoe hiyo. Atafika pale pale tulipofika kwa hesabu, na atakuwa amepima kwa njia tatu: maandishi, mita, na mzigo.

Friji haifuati hesabu ya V × I namna hiyo, na hapa ndipo wengi huwalaumu mafundi bure. Ndani ya friji kuna mota ya kompresa. Kwenye mota mkondo unapanda na kushuka ukichelewa nyuma ya volti, kwa hiyo sehemu ya ampea inakwenda na kurudi bila kufanya kazi. Zao la 228 × 0.9, yaani 205, si wati bali ni volti-ampea. Ukigawa wati 120 kwa 205 unapata 0.59, na hiyo ndiyo pawa fakta ya friji yako. Kwa friji ndogo haishangazi. LUKU ya nyumbani inakutoza wati, kwa hiyo hulipii zile 205. Kwenye jagi, pasi na jiko la koili volti na ampea zinakwenda pamoja, pawa fakta ni 1, na hesabu ya mwanao inakaa sawa.

Hiyo tofauti ina maana kubwa kwa mpango wako wa kuihamishia friji kibandani. Jagi likipata volti chache linavuta ampea chache na linachelewa, basi. Mota ikipata volti chache haipungui hivyo. Kompresa inapoanza inahitaji ampea nyingi mara kadhaa ya zile za kawaida, na ikianza wakati jagi limeshazishusha volti hadi 203, volti zitazama zaidi kwenye waya huo huo, inaweza kushindwa kuzunguka, ikabaki inaunguruma na kuvuta mkondo mkubwa mpaka kinga yake ikate, au isikate na koili yake iungue. Friji ibaki nyumbani hadi waya wa 4 uwe umefungwa na vipimo vimerudiwa, safari hii jagi na friji vikiwa vimewashwa pamoja. Ukisoma zaidi ya volti 215 kibandani wakati kompresa inazunguka na jagi linachemka, ihamishe.